Picha Niliyokutumia Wewe Tu

Nimpaye alimtambua kabla hajavua kofia ngumu. Philbert alikuwa na namna yake ya kushuka kwenye pikipiki, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Moyo wa Nimpaye ukaruka, naye akauchukia kwa kuruka. Aliinamisha uso, akaendelea kupepeta maharage.

Alikuwa ameketi uani kwao Kaniha, wilayani Biharamulo, miguu ameinyoosha juu ya turubai, mama yake upande wa pili. Mama huyo, Kankindi, alimtazama mgeni akija, akaweka ungo wake chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Zamani angeongeza "mwanangu". Zamani angekuwa amekwisha kuinuka kutafuta kiti.

"Mzee yupo?"

"Yuko kwenye mihogo. Hajisikii kuonana na watu siku hizi."

Philbert akabaki amesimama juani, kofia mkononi. Kankindi alimwangalia bintiye, akaona anapepeta maharage yaliyokwisha kuwa safi, akahema. "Nendeni mkaongee kule nyuma ya jiko, chini ya migomba," alisema. "Mlango wa jiko nauacha wazi. Na wewe, mwana wanje, usilie mbele yake."

Onyo hilo la mwisho kwa mwanawe alilitoa kwa Kirundi, kwa sauti ya kawaida, akijua fika kwamba Philbert, Mhangaza wa Ngara ambaye lugha yake inafanana nacho, analisikia na kulielewa.

Balaa lilikuwa limeingia wiki chache kabla ya harusi. Nimpaye alikuwa fundi cherehani pale Kabanga, karibu na mpaka, na nguo alizoshona alizipiga picha na kuziweka kwenye ukurasa wake mtandaoni. Wateja walimjia kutoka pande zote mbili. Asubuhi moja, chini ya picha ya gauni la kitenge, mtu asiyemjua aliandika: "Na ukilivua inakuwaje?" Nimpaye alidhani ni mlevi, akapuuza. Mchana wa siku hiyo akaunti iliyojiita Ukweli wa Kabanga ikatoa picha.

Uso ulikuwa wake. Tabasamu lilikuwa lake, na mkufu mwembamba shingoni. Lakini mwili ulikuwa uchi, na Nimpaye hajawahi kupigwa picha akiwa uchi tangu azaliwe. Chini yake iliandikwa kwamba madereva wa malori wanamfahamu vizuri, na kwamba ukoo fulani wa Ngara unajiandaa kuoa taka za kambini.

Picha hiyo ilifika kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi kabla jua halijazama. Ikafika kwenye kundi la kanisa la baba yake. Wanaume asiowajua wakaanza kumpigia simu, wengine wakimtumia picha za maungo yao. Kisha ukaja ujumbe wa faragha kutoka namba ngeni: "Vunja uchumba mwenyewe, nitanyamaza. Ukiolewa natoa nyingine." Wateja wakapungua. Mwenye nyumba alimtazama kwa jicho jingine. Nimpaye alifunga kibanda, akarudi kwa wazazi wake. Baba yake, Ndikumana, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliombwa Jumapili moja apumzike kidogo mpaka maneno yapoe. Tangu Jumapili hiyo mzee alikuwa hajamsemesha binti yake zaidi ya kumwitikia salamu.

Jioni za siku hizo zote, faraja yake ilikuwa sauti moja. Philbert alimpigia kila siku. Ndiyo maana, walipofika chini ya migomba, jambo la kwanza aliloliona Nimpaye ni kwamba amekonda, na la pili ni kwamba ukosi wa shati lake umejikunja kwa ndani. Shati hilo alilishona yeye. Mkono wake ulitaka kwenda kuunyoosha ukosi ule, akauzuia.

"Umepungua," alisema.

"Sili vizuri. Na wewe umepungua."

Walitazamana. Macho ya Philbert yalikuwa yale yale yaliyomfuata kibandani Kabanga mwaka ule wa kwanza, alipoleta suruali moja kupunguzwa mara tatu mpaka ikawa haivaliki tena. Nimpaye alikaribia kucheka kwa kulikumbuka jambo hilo.

"Nimekuja na habari njema," Philbert alisema. "Mama amelainika. Anasema ndoa iwepo."

 Mama yake Philbert, Bibi Francisca, hakumtaka Nimpaye tangu mwanzo. Siku ya kwanza alipotambulishwa nyumbani kwao alimuuliza amezaliwa wapi. Nimpaye alijibu ukweli, Lukole, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi, na mama yule akarudia jina hilo polepole, kama mtu aliyekuta jiwe kwenye wali.

"Iwepo namna gani?" aliuliza.

"Isiwe Ngara. Tufungie huku huku, watu wachache, bila muziki. Halafu tukakae Mwanza mpaka watu wasahau."

"Kwa hiyo ananikubali, ila nisionekane."

"Anaogopa midomo ya watu, Nimpaye. Mwelewe. Ni mtu mzima."

"Ninamwelewa. Ni hilo tu?"

Philbert alizungusha kofia mikononi. "Na ile kesi. Uiondoe polisi."

Upepo ulipita kwenye migomba, majani yakagongana. Ndani ya jiko, Kankindi aliacha kuosha vyombo. Maji hayakusikika tena.

"Kesi yangu inamsumbua nini mama yako?"

"Inarefusha mambo. Kila ukienda Biharamulo, watu wanaanza upya. Nilikwambia tangu siku ile, futa kila kitu. Zile picha, zile jumbe, vyote. Unaviweka vya nini kwenye simu? Kila ukivitazama vinakuumiza. Tumwachie Mungu."

Maneno hayo alikuwa ameyasema kwenye simu jioni nyingi, kwa sauti laini, na mara moja Nimpaye alikaribia kumtii. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kilichomzuia ni Afande Consolatha wa dawati la jinsia la polisi Biharamulo, alikofungua kesi, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyemwambia asimjibu mtu yule hata kwa tusi, na asifute hata nukta. Alimwelekeza apige picha za skrini zenye jina la akaunti, namba na tarehe, abadilishe nywila zake, aufunge ukurasa kwa wasiomjua. "Ukifuta," afande alimwambia, "unamfutia yeye nyayo."

"Philbert, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Afande aliniambia siku hizi kuna programu. Unaiwekea picha ya mtu aliyevaa, yenyewe inamvua na kumtengenezea mwili. Akaniambia nitafute picha ya asili, ile iliyochezewa. Nilikuwa sijawahi kuitazama ile takataka kwa utulivu, nilikuwa naona haya. Juzi nikaitazama."

Philbert aliacha kuzungusha kofia.

"Ni ile ya khanga," Nimpaye alisema. "Ulipokuwa chuo Mwanza, ukanisumbua wiki nzima kwamba umenimiss, nikutumie picha nikiwa nyumbani tu, bila kujipamba. Nilikuwa nimetoka kuoga. Nimejifunga khanga hadi kifuani, nywele zimelowa, nyuma yangu pazia la chumbani kwangu, lile la maua ya njano; hata hawakuliondoa. Niliipiga moja. Nikakutumia wewe, nikaifuta kwangu kwa aibu. Dunia nzima mwenye picha hiyo ni wewe tu. Ilitokaje kwenye simu yako?"

Nimpaye alitamani Philbert aseme simu iliibwa. Alitamani aseme aliipeleka kwa fundi, kwamba mtu aliijua nywila yake, lolote lile. Angeliamini. Alikuwa amejiandaa kuliamini.

Philbert alikaa chini, juu ya gogo la mgomba lililokatwa.

"Kaka Ildefonce," alisema.

Ildefonce alikuwa kaka yake mkubwa, mbadilisha fedha pale pale mpakani. Kila asubuhi alipita mbele ya kibanda cha Nimpaye na kumwita shemeji.

"Alinicheka," Philbert aliendelea, macho chini. "Alisema nimekosa wasichana Ngara nzima mpaka nikaokote wa kambini. Nilipandwa na hasira. Nikataka aone ulivyo. Nikamtumia picha ile. Sikuwa na nia mbaya, Nimpaye. Nilikuwa najivunia."

"Ulijivunia kwa picha yangu ya khanga. Kwa kaka yako."

"Sikujua angeifanyia hivi. Nia yake ilikuwa ukate tamaa mwenyewe, uchumba uvunjike bila ugomvi. Mama hakujua mwanzoni. Amejua sasa, ndiyo maana anaogopa."

 Swali lililobaki lilikuwa dogo, na alijua likijibiwa hakuna kitakachobaki salama.

"Wewe ulijua lini?"

Philbert aliweka kofia chini.

"Nilipoiona tu. Niliona pazia."

"Siku ile ile."

"Siku ile ile."

"Nilikupigia nikilia. Nikakuuliza ni nani anaweza kunichukia kiasi hiki. Ukanijibu dunia imejaa wivu."

"Nimpaye..."

"Baba alipoachishwa uzee wa kanisa ulijua?"

"Nilijua."

"Na uliponiambia nifute? Ulitaka niache kuumia, au ulitaka kaka yako asipatikane?"

Alimtazama usoni akimngoja adanganye. Philbert aliinua macho yaliyojaa machozi.

"Vyote viwili," alisema.

Angesema uongo, Nimpaye angeweza kumtukana na kumfukuza. Ukweli ule ulimnyima hata hasira. Alimwona mwanaume anayempenda na aliyemuuza, na wote wawili walikuwa wamevaa shati moja.

"Njoo uyaseme haya Biharamulo," alisema mwishowe.

"Ildefonce ndiye aliyenisomesha. Baba alipofariki aliacha shule kwa ajili yangu. Unataka mimi nimpeleke jela?"

"Sijakuomba umpeleke popote. Nakuomba useme kitu kimoja: picha ilitoka kwangu ikaja kwako, ikatoka kwako ikaenda kwake. Baba yangu hawezi kuingia kanisani kichwa juu, Philbert. Mimi siwezi kwenda kununua chumvi. Neno lako moja linatosha."

Philbert alijifuta uso kwa kiganja. Alimwangalia kwa muda, na kitu fulani kikatulia usoni pake, kama zamani alipoamua jambo.

"Twende," alisema. "Twende sasa hivi, kabla sijaogopa."

Kankindi aliwasindikiza kwa macho bila kuuliza, maana alikuwa amesikia yote. Kwenye pikipiki Nimpaye alishika chuma cha nyuma, hakumgusa. Walipita mashamba ya mahindi, walipita watoto wakitoka kisimani, vumbi jekundu likiwafuata. Barabara ilipoharibika alilazimika kumshika kiunoni. Akauhisi mwili wake ukipumua, joto lile analolijua, na bila kukusudia akalaza paji la uso mgongoni mwake. Kwa kipande kile cha njia alimsamehe nusu. Alijiambia kwamba mtu huogopa, kisha hujirekebisha. Kwamba huyu anarekebisha.

"Ndagukunda," Philbert alisema huku upepo ukimnyang'anya sauti. Neno hilo la kupenda ni moja kwa Kihangaza na kwa Kirundi. Ndilo walilotaniana nalo siku za mwanzo, wakisema Mungu aliwarahisishia.

Nimpaye alimkaza zaidi.

Simu ya Philbert iliita walipokuwa mlangoni pa dawati la jinsia. Aliitazama. "Ni mama," alisema. "Nampokea mara moja, tangulia."

Nimpaye aliketi mbele ya Afande Consolatha na kumweleza yote, harakaharaka, karibu kwa furaha. "Yuko hapo nje. Amekuja mwenyewe. Atakueleza." Kupitia dirishani alimwona Philbert amesimama karibu na ukuta, simu sikioni, haongei, anasikiliza tu. Alisikiliza kwa muda mrefu. Aliporudi ndani alikaa kwenye kiti cha mbali na Nimpaye, ingawa cha karibu kilikuwa wazi.

"Karibu, kaka," Consolatha alisema. "Huyu dada anasema alikutumia picha yake akiwa amejifunga khanga. Ni kweli?"

"Inawezekana."

Nimpaye aligeuka.

"Inawezekana au ni kweli?"

"Tulikuwa tunatumiana picha nyingi, afande. Siwezi kukumbuka kila moja."

"Picha hiyo ulimtumia mtu mwingine? Ndugu, rafiki?"

 Nimpaye alimtazama shavuni, kwenye lile kovu dogo la utotoni alilokuwa akilibusu. Philbert hakugeuka.

"Sikumbuki," alisema.

"Mpenzi wangu," Nimpaye alimwambia kwa sauti ndogo, "mbona umeniambia sasa hivi, chini ya migomba?"

"Sikumbuki kusema hivyo."

"Simu uliyokuwa nayo wakati uko chuo iko wapi?" afande aliuliza.

"Niliibadilisha."

Consolatha alimwomba asubiri nje. Alipotoka, afande aliinuka, akafunga mlango mwenyewe, akaketi. Hakumpa pole. Labda alijua pole ingemmaliza.

"Dada, nisikilize vizuri. Akaunti ile tunaweza kuifuatilia bila yeye. Inachukua muda, lakini namba aliyokutishia nayo imesajiliwa kwa mtu. Kaka yake ataitwa. Sasa kuhusu huyu. Nikiandika kama ulivyonieleza, kwamba alikiri kwako kuituma picha yako kwa mtu bila ruhusa yako, naye ataitwa, na hataitwa kama shahidi. Unaweza pia kusema hujui picha ilitokaje. Maelezo ni yako. Sikulazimishi."

Nimpaye alitazama mikono yake. Kwenye kidole kulikuwa na alama za sindano ambazo hazikuwa zimetoka tangu alipofunga kibanda. Aliwaza kuhusu nyumba ya Mwanza ambayo hakuna mtu angemjua. Aliwaza kuamka kila siku pembeni ya mtu huyu, wakila, wakizaa, na siku moja mtoto wao wa kike akiwa mkubwa, akija kwake na simu mkononi akilia. Baba wa mtoto huyo angemwambia nini? Angemwambia futa.

"Andika alichofanya," alisema.

Consolatha aliandika. Nimpaye alisomewa, akaitikia, akatia sahihi.

Nje, Philbert alikuwa ameegemea pikipiki yake. Aliinuka alipomwona.

"Alikuwa analia kwenye simu," alisema. "Mama. Alisema nikitamka jina la Ildefonce nisirudi nyumbani, na akifa nisimzike. Ningefanya nini?"

"Sijui, Philbert."

"Nakupenda. Hilo unalijua."

"Ninalijua. Ungekuwa hunipendi ingekuwa rahisi."

"Nikupeleke nyumbani. Tutaongea njiani."

"Nimeandika jina lako," Nimpaye alimwambia. "Watakuita. Usiseme hukuambiwa."

Alikuwa na hamu ya kuunyoosha ukosi wake kwa mara ya mwisho, naye aliiruhusu hamu hiyo ipite. Alimzunguka, akatembea kuelekea stendi. Alingoja kusikia hatua nyuma yake. Alichosikia, baada ya muda, ni pikipiki ikiwashwa na kwenda upande wa Ngara.

Stendi, wanawake wawili walikuwa wameketi kwenye benchi wakisubiri gari. Mmoja, mtu mzima mwenye kitenge cha bluu, alimtazama Nimpaye, akatazama simu yake, akamgusa mwenzake. Mwenzake naye akachungulia, akamtazama Nimpaye kuanzia miguuni.

Siku zote hizo Nimpaye alipoona hivyo aliinamisha kichwa na kuongeza mwendo. Leo miguu haikuwa na pa kukimbilia. Akawaendea.

"Shikamoo, mama."

Yule mwanamke alishtuka. "Marahaba."

"Ni mimi unayemtazama humo. Uso ni wangu, mwili wametengeneza. Polisi wanalishughulikia. Naomba usimtumie mtu mwingine."

Mwanamke aliifunika simu kwa kiganja, halafu akaigeuza mapajani kifudifudi. Mwenzake akajifanya anatafuta kitu kwenye kikapu.

"Nisamehe, mwanangu," alisema mwanamke wa kitenge cha bluu. "Nililetewa tu, sikuuliza." Akasita. "Umeshamjua aliyekufanyia?"

"Nimemjua."

"Ni adui yenu?"

"Hapana, mama," Nimpaye alisema. "Ni watu wa nyumba niliyokuwa naolewa. Na picha yenyewe niliitoa mimi, kwa mkono wangu, kwa mtu aliyekuwa anioe."

 Mwanamke alisogea, akamsogeza na mwenzake, mpaka ikapatikana nafasi kwenye benchi. Nimpaye akaketi katikati yao, akafunika uso kwa ncha ya kitenge chake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akalia. Hakuilia ile picha.